Jina Lililokuwa Nafasi ya Sifuri

Mwaka 1998 Dorca Adero alifundisha kompyuta katika chuo kidogo cha wauguzi mjini Kisumu. Mkuu wa chuo alimwomba atengeneze ukurasa wa brauza, programu ya kufungulia kurasa za intaneti: majina ya waliopita mahojiano ya kujiunga yaandikwe kwenye visanduku, kitufe kibonyezwe, yajipange kwa alfabeti.

Kitufe kiligoma. Dorca aliinuka, akaketi, akaenda dirishani, akarudi.

"Majina niliyoandika ndani ya programu yanapangika," alimwambia Waliaula, mwalimu mwenzake. "Ya visanduku yanakataa."

Waliaula alifungua kitabu cha lugha ile ya programu. "Safu ya kweli, yaani orodha ya programu ambayo kila kitu kina nafasi yenye namba, inajua kujipanga. Orodha ya visanduku inayotolewa na brauza ina namba na urefu kama safu, lakini si safu. Hamisha majina moja moja, uyaweke kwenye safu yako mwenyewe."

Mkuu alikuwa tayari mlangoni, akiuliza kama bado. Dorca aliandika haraka haraka, akabonyeza. Majina yakapangika. Orodha ikachapishwa, ikabandikwa ubaoni. Hakuna aliyeyahesabu.

Wiki nzima hakutulia, wala hakujua kwa nini. Jumatatu, akifundisha safu, alijikuta akisema, "Kwenye Pascal, lugha yetu ya zamani ya programu, tulizoea kuhesabu nafasi kuanzia moja. Hapa tunaanza na sifuri."

Aliweka chaki chini. Akaacha darasa, akakimbilia ofisini. Kweli, alikuwa ameanza kuhamisha kutoka nafasi ya moja, akaiacha ya sifuri. Kisanduku cha kwanza kilikuwa na jina la Beldina Nasipwondi, na ubaoni halikuwapo.

Alimkuta Beldina kwao Muhoroni, akipalilia miwa na mama yake.

"Madam, niliisoma ile orodha mara tatu," Beldina alisema, jembe bado mkononi.

"Ulipita. Ni mimi niliyekuruka."

Beldina aliweka jembe chini. "Mama ameshawaambia watu wa kanisa kwamba nilianguka mahojiano. Wameniombea."

"Basi nitakuja niwaambie."

Jumapili Dorca alisimama kanisani mbele yao, akasema kosa lilikuwa lake. Kompyuta hakuitaja.

Beldina alianza masomo wiki mbili nyuma ya wenzake. Darasani kwa Dorca aliketi nyuma kabisa, na alimsalimia kwa mara ya kwanza muhula wa pili.