Chupa Zilizotakata

Mama alikuwa na ugonjwa usio na dawa: hakuweza kuona chombo kina vumbi akakiacha. Basi binti yake mkemia alipoacha chupa zake za plastiki jikoni, tayari kwa safari ya mlimani, Mama alizisugua kwa sabuni ya unga mpaka zikatakata, akazirudisha kimya kimya. Nusu ya kazi ya maabara, alijiambia, ameimaliza yeye.

Binti alipanda hadi barafu inapoyeyukia, akateka maji, akashuka. Baada ya vipimo maabara nzima ilibaki mdomo wazi. Maji yale, ambayo kwa kawaida hubeba chumvichumvi kidogo tu za mwamba, yalijaa fosfati. Mkuu wa maabara alishaanza kuyaita majibu hayo ugunduzi, na jina la binti lingetangulia kwenye ripoti. Mama aliposikia, majirani wote walisikia.

Jioni moja binti alisimama kwenye sinki akisoma maandishi ya nyuma ya pakiti ya sabuni: fosfati ilitajwa humo.

"Mama, zile chupa uliziosha?"

"Kwa mikono yangu hii."

Binti akamweleza taratibu. Chupa za kazi ile haziguswi na sabuni. Husuuzwa mara tatu kwa maji yale yale yatakayotekwa, kwa sababu kwenye maji ya barafu hata chembe ya sabuni huonekana kama doa kwenye shuka jeupe. Mama akamsihi anyamaze, kwani nani atajua?

"Mimi nimeshajua, mama."

Kesho yake alisema mbele ya wote bila kumung'unya maneno, ila kosa alilibeba mwenyewe: ndiye aliyeziacha chupa jikoni. Wenzake walicheka mpaka machozi. Mkuu alinuna, na ugunduzi ukafutwa.

Safari ya pili Mama aligoma kubaki. Alipanda akihema, akapiga magoti kwenye maji yaliyomuuma vidole, akasuuza kila chupa akihesabu kwa sauti. Majibu yalitoka kalsiamu kidogo, salfeti kidogo, fosfati karibu hakuna. Mkuu, ambaye hupima mara mbili hata kazi yake mwenyewe, alitia saini bila swali.

Majirani walimuuliza Mama ule ugunduzi mkubwa umeishia wapi.

"Ilikuwa sabuni yangu," alisema, kichwa juu. "Na aliyeigundua ni mwanangu."