Muhtasari wa Kuno

Mwaka uliofuata yale mafuriko makubwa ya miaka ya hamsini, Mwalimu James wa darasa la watu wazima Garsen alimwita Mama Hawa kutoka Chara aje awasimulie wanafunzi msiba wake. Wengi wao walitamani ukarani, na karani, alisema mwalimu, husikia maneno mengi akaandika machache.

Mama Hawa akasimulia. Alikuwa akivuka mto na mdogo wake, Mumina, mtumbwi umejaa mpunga. Kiboko akaupindua. Mumina alimsukuma dada yake mpaka akashika matete ya ukingoni, kisha yeye mwenyewe akachukuliwa na maji. Hata mwili haukuonekana. Alipomaliza, Mama Hawa akaketi kibarazani kungoja asomewe yaliyoandikwa.

Wanafunzi waliandika, wakabadilishana karatasi.

"Mwambie mwenzako kwanza kilicho kizuri," mwalimu akaagiza, "halafu kilichopungua."

Mbodze, mwanamke pekee darasani, alipata karatasi ya Kuno, jirani yake wa benchi. Ilisema: *Kiboko wa Chara ni msumbufu. Alipindua mtumbwi, mpunga ukapotea. Serikali iombwe kumpiga risasi.*

Mbodze akaisoma tena. Mate yakamjaa mdomoni kama mtu aliyetafuna nyongo.

"Mwandiko wako mzuri," alisema.

Kuno akatabasamu. "Na kilichopungua?"

"Mumina yuko wapi?"

"Huu ni muhtasari, dada. Bwana mkubwa wa wilaya atataka kujua habari ya kiboko. Maiti hawezi kumsaidia."

"Mama wa watu amelia mbele yako, Kuno. Wewe umeokota mpunga tu!"

"Basi, basi. Lete nitengeneze."

Akachovya kalamu, akaandika kwa haraka huku akipiga mluzi, akamrudishia. Sasa ilisema: *Mtumbwi mmoja, magunia ya mpunga na mwanamke mmoja vilipotea.*

"Vilipotea?" Mbodze aliinua sauti. "Mumina ni kitu?"

Mwalimu James akaja, akasoma, akatikisa kichwa kukubali. "Sarufi ni sahihi. Watu na vitu vikitajwa pamoja, tunasema vi-. Na ni fupi. Vizuri, Kuno. Mbodze, nenda ukamsomee mama."

Mbodze alimtazama mwalimu, akamtazama Kuno aliyekuwa akifuta wino kidoleni. Akaisukuma ile karatasi kwa ncha za vidole.

"Mimi sitaitia kinywani mwangu. Asome aliyeandika."

Kuno akaenda nayo kibarazani, akasoma kwa sauti ya karani. Alipofika kwenye *vilipotea* sauti ikamshuka kidogo.

Mama Hawa alingoja. "Endelea, mwanangu."

"Imekwisha, mama."

"Na Mumina?"

"Ni huyo mwanamke mmoja."

Mama Hawa alijifunga leso yake vizuri, akainuka, akaondoka bila kuaga, akishika njia ya mtoni.

Kuno akarudi ndani. "Mbona amekasirika? Nimemweka, si nimemweka?"

Mwalimu akamchukulia karatasi, akaibandika ukutani iwe mfano kwa wengine. Mbodze akachukua kalamu yake na kidau cha wino, akaenda kuketi sakafuni nyuma ya darasa. Kuno alipomwita arudi benchini kwa kuwa nafasi ipo, aligeuza uso, akainuka, akatema mate nje ya dirisha.