Mapeasi ya Mkwe

Hebu niambie, ungelikuwa wewe, ungeliliacha kapu la mkwe wako njiani huku mwenyewe anakutazama?

Bibi Zeyana wa Usagara, pale Tanga mjini, hakuweza. Alikuwa amepanda milimani kumuuguza uzazi bintiye Shaima, na sasa arobaini imekwisha. Mwanawe Asaad, aliyeko Tanga, kamkatia tiketi ya ndege bila kumuuliza, eti mama asichoshwe na makona, na majirani keshawatangazia. Bibi akafungasha tu.

Saleha, mama mkwe wa Shaima, akamsindikiza mpaka kwenye kile kiwanja kidogo cha ndege na kapu limefura: mapeasi, viazi, kabichi, na chupa ya asali iliyozibwa kwa kipande cha kanga.

Eliudi, mpimaji wa mizigo, alimwamkia shikamoo vizuri, kisha akaanza kumuudhi. Akaeleza kwamba huku juu hewa ni nyepesi, njia ya kurukia fupi, mbele yake korongo, basi ndege haibebi kingi. Akampandisha mizanini, yeye na kapu lake. Uzito ukazidi. Bibi akatoa viazi, akiguna. Ukazidi. Akatoa kabichi. Ukazidi bado, na Saleha keshageuza uso anatazama ukungu, midomo kaibana.

Hapo Bibi Zeyana akaaga kwenda msalani na kapu lake. Alirudi kapu jepesi, buibui limenenepa. Akapanda mizanini taratibu, kidevu juu. Mshale ukasimama palepale.

Eliudi akashusha pumzi. "Bibi yangu, mizani haichagui kapu wala buibui. Inapima vyote."

Peasi moja likaponyoka chini ya buibui, likabingirika hadi kwenye kiatu cha rubani. La pili likafuata.

"Mkwe," Saleha akasema, kicheko kimemshinda, "mwenye arobaini ni Shaima au ni wewe?"

Simu ikalia. Alikuwa Asaad, akiuliza kama ameshapanda, maana yeye na majirani wamekwisha fika uwanjani kumpokea. Bibi Zeyana akaitazama ile ndege, ndogo kama kibanda cha kuku. Akalitazama korongo. Kule barabarani basi la Tanga lilikuwa linapakia, watu wanarusha magunia juu ya keria na hakuna anayepimwa. Akamrudishia Saleha kapu ajaze tena viazi na kabichi, kisha akaisogeza simu mdomoni.

"Asaad, mwanangu, mimi tangu mwanzo nilitaka basi."