Ukurasa wa Shukrani wa Mama Fukusi

Majirani walimwita Mama Fukusi, na walikuwa na haki yao. Jikoni kwake, kwenye rafu ambayo kwa watu wengine hukaa vyombo vya wageni, zilijipanga chupa arobaini na nane za kioo. Kila chupa ilikuwa na mahindi, na ndani ya mahindi fukusi hamsini wakila kwa raha zao bila kodi wala aibu. Vyombo vya wageni vilihamia chini ya kitanda. Mgeni aliyetaka chai alipewa kikombe cha plastiki na maelezo marefu.

Hakuwa amerukwa na akili. Alikuwa akiandika tasnifu ya uzamivu kuhusu majani ambayo yakisagwa na kuchanganywa na mahindi huwaua hao wadudu. Kila asubuhi alimwaga chupa moja moja kwenye sinia, akahesabu waliokufa na walio hai, akajaza fomu, akawarudisha. Kila mwezi alianza upya na fukusi wengine hamsini kwa kila chupa. Alifanya hivyo miezi sita mfululizo, na siku hata moja haikuruhusiwa kupita bila kuhesabu, maana siku ikipita jaribio zima limeharibika.

Mwezi wa nne wa jaribio presha ikampanda, akaanguka palepale mbele ya sinia. Alilazwa wiki mbili. Siku ya kuruhusiwa, nesi alimkalisha kitako. "Dada, usipojihurumia tutaonana tena hapa hapa. Tembea kila siku, lala mapema, na kabla hujafungua hiyo kompyuta yako, andika mambo matatu unayoyashukuru."

Mtu mwingine angenunua daftari, yakaisha. Yeye alichora jedwali. Tarehe, shukrani ya kwanza, ya pili, ya tatu, maoni. Akajiwekea lengo la shukrani elfu moja na tisini na tano kwa mwaka, na wiki ya pili tu akawa nyuma kwa shukrani tisa. Tangu hapo alizikusanya mpaka Jumapili, akazimaliza kwa mkupuo kama mtu anayefua sare za wiki nzima. Chai. Mvua. Chai. Umeme haukukatika. Chai. Kutembea nako alitembea, lakini kwenye korido ya idara, makala mkononi, akigongana na watu.

"Mke wangu," mumewe alimwambia siku moja akichungulia lile jedwali, "hii chai ina bahati kweli kweli."

Mumewe alikuwa fundi wa friji, mtu wa maneno machache na mikono mikubwa. Nyumbani walikuwa wanne: wao wawili, binti yao wa darasa la pili, na mama mkwe, ambaye hakuna jambo lililompita, liwe la nyumbani au la mtaa wa pili.

Basi ikafika Alhamisi. Mwisho wa kuwasilisha tasnifu ulikuwa kesho yake, Ijumaa, saa sita mchana. Akichelewa, bodi ya chuo ingekaa tena baada ya mwaka, na ile nafasi ya uhadhiri ambayo idara ilikuwa imemshikia ingekwenda kwa mwingine. Asubuhi hiyo alichukua nakala zake tano kwa fundi wa majalada, nyeusi, zenye maandishi ya dhahabu mgongoni, akazibeba mpaka nyumbani kama mtu anayebeba mayai.

Mumewe aliacha kazi kwa muda kuja kuziona. Alinawa mikono mpaka kwenye viwiko, akavaa shati lake la harusi za watu, akaketi. Mama mkwe naye akaja na miwani.

"Anza na shukrani," mama mkwe aliamuru. "Hayo mengine ni mambo ya wadudu."

Mume akakohoa, akasoma kwa sauti ya mtu anayesoma mbele ya umati. "Shukrani za pekee zimwendee mume wangu mpenzi, ambaye hata alipokuwa angani akirusha ndege, moyo wake ulikuwa mezani pangu."

Akatazama dari, kama vile huenda ndege yake iko huko.

"Endelea," alisema mama mkwe.

"Na wanangu mapacha…"

"Mapacha wako wapi?" binti aliuliza, akageuka kuwatafuta.

Mama Fukusi alijua papo hapo kosa lilikotoka. Mwaka mmoja na nusu nyuma alimwomba rafiki yake, aliyekwisha kuhitimu, nakala ya kompyuta ya tasnifu yake, ili aige tu mpangilio, namba za kurasa na nafasi za pembeni. Akawa anafuta sura ya rafiki, anaweka yake. Jina alibadilisha, sura zote tano alibadilisha, marejeo alibadilisha. Ukurasa wa shukrani aliuacha kwanza. Alisema atauandika mwisho, akipata utulivu. Utulivu wenyewe haukuwahi kupiga hodi.

Mama mkwe alikuwa amekwisha kunyakua kitabu. Kidole chake kilishuka mstari kwa mstari. "Mama mkwe hayumo," alitangaza. "Mbwa yumo."

Mume ndiye aliyeanza kucheka, na akishaanza yeye hakuna anayebaki. Walicheka mpaka binti akateleza kutoka kwenye mkono wa kochi. Mama Fukusi naye alicheka.

"Uache tu," mume alisema akijifuta macho. "Nani husoma ukurasa huo? Wewe peleka vitabu." Kisha akakilaza kitabu mezani, akakinyoosha kikae sawa na ukingo wa meza, akachukua mkoba wake wa vifaa na kutoka. Chai yake hakuimaliza. Aliondoka na lile shati zuri, akaenda nalo kulala chini ya friji za watu.

Hapo ndipo kicheko kilipomwisha Mama Fukusi. Angeweza kweli kuviacha vitabu vilivyo. Wasahihishaji walitoa alama kwa sura tano, si kwa shukrani. Lakini lile shati lilimkaa rohoni. Alivipakia vitabu kwenye mfuko, akatia guu njiani.

Fundi wa majalada alikuwa mzee mwenye kucha zilizokauka gundi. Alisikiliza kisa chote bila kucheka, na hilo lilimgharimu, maana midomo ilimcheza. "Gundi bado mbichi, mama. Una bahati. Niletee ukurasa kesho saa tatu asubuhi, saa tano na nusu unachukua mzigo wako. Ukizidisha hapo, usinilaumu."

Akampa stuli na karatasi. Mama Fukusi akashika kalamu. Maneno hayakuja. Mtu aliyeandika kurasa mia mbili na kumi juu ya fukusi alishindwa mstari mmoja juu ya watu. Akafungua jedwali lake la shukrani kwenye simu, apate pa kuanzia. Alipekua mistari mia mbili na zaidi. Mumewe alimkuta mara moja tu: "Umeme ulirudi (mume alitengeneza)." Kwenye mabano! Akaona haya mbele ya ukuta.

Ndipo alipofungua kiambatisho nyuma ya kitabu, mahali palipokuwa na picha za fomu za kila siku, aone kama zitamkumbusha lolote. Fomu za mwezi wa kwanza, mwandiko wake. Wa pili, wa tatu, wake. Katikati ya mwezi wa nne tarakimu zikanenepa ghafla, zikawa zile za fundi wa friji anayeandika kwa penseli ya seremala. Zilizofuata zilikuwa zimepinda, za mama mkwe, aliyejifunza kuandika ukubwani. Sehemu nyingine sifuri zilikuwa na macho na midomo. Siku kumi na nne. Zile alizokuwa kitandani hospitalini.

Alifunua sura ya tatu, ukurasa wa sitini na mbili. Aliyaandika mwenyewe: *Takwimu zote zilikusanywa kila siku na mtafiti mwenyewe.*

Hakuwa amekusudia kudanganya. Alipotoka hospitali alikuta fomu zimejazwa, zimepangwa kwa tarehe, akazipokea kama mtu anavyopokea maji bombani. Hakuuliza hata swali. Sasa aliliona wazi: la mbwa lilikuwa kosa la kuchekesha, na hili halikuwa la kuchekesha hata kidogo.

Akampigia msimamizi wake.

"Kwa nini hukuniambia?" msimamizi aliuliza baada ya kumsikiliza.

"Sikufikiri, Mwalimu. Nilihesabu kwamba ni mimi."

"Unajua nikiipeleka hivyo kwenye bodi wanaweza kuzifuta hizo siku. Zikifutwa, jaribio lako lina tundu katikati."

"Najua. Itabidi ningoje bodi ya mwaka mwingine."

"Na ile nafasi haitakungoja."

Mama Fukusi aliangalia fomu ile yenye sifuri zinazocheka. "Nitaandika ukweli, Mwalimu."

"Saa mbili kamili ofisini kwangu. Njoo na fomu zenyewe, si picha. Na njoo na maelezo: walihesabuje?"

Hilo hakulijua. Alirudi nyumbani, akamkuta mama mkwe anachambua mchele na mumewe ndiyo kwanza anaingia, shati lina doa la mafuta begani. Akavuta kigoda, akakaa mbele yao kama mwanafunzi.

"Nieleze, mama. Nilipolazwa, mlihesabu vipi?"

"Vipi tena? Kwa macho," alisema mama mkwe. "Mimi nahesabu, huyu anahesabu, na mtoto anahesabu. Tukipishana hata mdudu mmoja, tunamwaga tena. Mtoto ndiye alikuwa na macho. Sisi wawili tulikuwa tunamtoa mdudu hai kwenye maiti."

"Kila chupa? Zote arobaini na nane?"

"Kwani wewe huwa unahesabu mara ngapi?"

Mama Fukusi alimgeukia mumewe. "Na kazini ulikwenda saa ngapi?"

"Tuliamka alfajiri, mtoto akahesabu zote kabla ya shule, sisi tukamalizia hesabu zetu. Karakana nilifungua mchana." Akainua mabega. "Ulisema siku moja ikikosekana yote yameharibika. Nikaona ukirudi ukute yameharibika, presha itapanda tena."

Alimtazama huyu mtu aliyeishi naye miaka kumi na moja. Wiki mbili alikuwa amefungua karakana mchana, na hakumwambia. Wala yeye hakuuliza. "Nimekukosea," alisema. "Nimewakosea wote. Si kwa ajili ya ukurasa tu. Nimekula kazi yenu na sikuwaona." Machozi yakamtoka, na hakuyaficha.

"Haya, haya," mama mkwe alisema, akisukuma ungo pembeni. "Ulikuwa mgonjwa. Andika unachotaka kuandika, halafu ulale. Kesho una safari ya kukimbizana."

Aliandika sentensi nne tu za sura ya tatu kabla jua halijazama, na ukurasa wa shukrani mfupi, wenye majina yao matatu kamili, mbwa hayumo. Kisha akalala, na usingizi ukampitia saa hiyo hiyo.

Saa mbili asubuhi msimamizi alizitandaza fomu kumi na nne mezani. Alikuwa mtu wa kalamu nyekundu na sura ngumu, asiyejulikana kucheka kazini. Akafungua jedwali la tisa la tasnifu, lenye hesabu za kila siku, akaanza kulinganisha. Ilichukua muda mrefu hadi Mama Fukusi akaanza kuhesabu vigae vya sakafu.

"Kila chupa ina fukusi hamsini," hatimaye alisema. "Waliokufa ukiwajumlisha na walio hai, lazima watimie hamsini. Sivyo?"

"Ndivyo, Mwalimu."

"Siku zako nyingi wanapungua mmoja, wanazidi wawili. Kawaida, binadamu huchoka. Lakini hapa katikati ya mwezi wa nne, kuna siku kumi na nne wanatimia hamsini, chupa zote, bila kosa. Niliwahi kujiuliza. Nikasema, hapo huyu mwanamke alikuwa kwenye ubora wake."

"Nilikuwa hospitali, Mwalimu," alisema Mama Fukusi. "Nina dripu mkononi."

Msimamizi alimtazama, akazitazama zile sifuri zenye midomo, akaangua kicheko ambacho katibu wake alikisikia hadi nje. Akasaini marekebisho. Akaongeza barua kwa bodi kwa mkono wake mwenyewe, akisema siku hizo zibaki, na kwamba yeye kama msimamizi anaziamini kuliko nyingine zote.

Saa tatu alimfikishia fundi kurasa mpya, na saa tano na nusu vitabu vilikuwa tayari. Saa sita kasoro dakika saba mhuri uligongwa, pa! Mama Fukusi hakurudi idarani. Alitembea, bila makala mkononi, mpaka karakana ya mumewe, akampa nakala moja iliyofunuliwa ukurasa wa sitini na mbili.

Mume alifuta vidole kwa kitambaa, akasoma polepole, akifuata mstari kwa kidole. Takwimu za kuanzia tarehe fulani hadi fulani zilikusanywa na watu watatu, na majina yakafuata, lake la kwanza. Kila chupa ilihesabiwa mara tatu na watu tofauti, na palipokuwa na tofauti hesabu ilirudiwa.

"Hii ndiyo sehemu ya shukrani?" aliuliza.

"Hapana," alisema mkewe. "Hii ni sehemu ya nani alifanya kazi."

Akaisoma tena, tangu mwanzo. Kisha akaburuta stuli ya pili, akamkalisha mkewe, na kumpigia simu mama yake aje asomewe.