Kupona kwa Chuma

Tangu madaktari wampitishie waya mkononi hadi moyoni, wakaacha humo stenti, kale kamrija ka wavu wa chuma kanakoshikilia mshipa ubaki wazi, fundi viti aliitwa Chuma mtaa mzima. Jina lilimkaa, naye akalitembelea kifua mbele.

Mdogo wake, kinyozi, alipoanza kubanwa na kifua alikataa hospitali katakata. Baba yao aliingia huko kwa miguu yake akatolewa kwa machela. Bora afie kwenye kiti cha kunyolea, alisema. Chuma akambembeleza, akatia chumvi, akakoleza: ni kuzibua tu, ukishazibuliwa umemaliza, unasahau kama uliumwa. Yale ya daktari, kwamba mshipa unaweza kusinyaa tena palepale na kwamba dawa haziachwi, aliyameza. Na wakati anayasema hayo, kifua chake mwenyewe kilikuwa kimeanza tena kukaza kila alipovuta ngozi ya kochi. Akajitia kukohoa.

Kinyozi akakubali, akawekewa yake, akarudi anapiga mluzi.

Hapo ndipo Chuma alipokwenda hospitali kimyakimya. Wakamwonesha kwenye skrini: stenti ipo, ila nyama imeota ndani yake, njia ya damu imebaki uzi. Itabidi azibuliwe upya. Akatoka, miguu ikampeleka kibandani kwa mdogo wake. Shemeji yake akamdaka mlangoni, akamnong'oneza kuwa mumewe ameacha dawa. Eti zinamtoa damu fizini, na akijikata hata kidogo damu haikatiki, naye mkate wake ni wembe.

Chuma akaingia. Kwenye kiti alikuwepo mteja, povu limemjaa kidevuni.

"Mdogo wangu, zile dawa usiziache. Mshipa wangu umeziba tena."

Kinyozi hakugeuka. "Si ulisema ukizibuliwa umemaliza?"

"Nilikudanganya. Ungekataa kwenda."

Kinyozi akamkonyeza mteja kupitia kioo. "Unamsikia kaka yangu? Zamani Chuma alikuwa peke yake hapa mtaani. Sasa tuko wawili, inamuuma."

Mteja akacheka mpaka povu likamruka. Chuma akangoja kicheko kiishe, kisha akayatoa yote aliyoyameza, moja moja, mbele ya mgeni yule na shemeji yake, mpaka na kile kikohozi cha uongo. Wembe ukasimama hewani.

"Baba alipokufa, mimi bado mtoto, uliniambia amesafiri," kinyozi akasema polepole. "Nikamngoja. Sasa nikuamini wewe wa lini, kaka? Wa juzi au wa leo?"

"Wa leo."

"Wa juzi ndiye aliyeniponya."

Akarudi kwenye kidevu cha mteja. Chuma akakaa kwenye benchi la wanaosubiri, kifua kikimbana, akangoja povu lifutwe aanze upya kumbembeleza mdogo wake.