Sanamu Isiyo na Shingo

Katika nchi ya Zumbara, yenye mabonde tisa ya ukungu na kilele kimoja kisichokosa jua, mabwana wa kileleni walijenga Chuo cha Tiba cha mawe meupe, chenye ukumbi mpana kiasi kwamba kikohozi cha mtu mmoja kilizunguka kuta zote kabla ya kumrudia mwenyewe. Katikati ulisimama Mwili Mkuu, sanamu ya dhahabu iliyochongwa kwa mfano wa Mtukufu Zegamba, mtawala wa nchi, na juu yake ndipo wanafunzi walipojifunza kila kiungo cha binadamu. Karo ilikuwa bamba la dhahabu, nalo lilipigiliwa kwenye sanamu hiyohiyo. Kwa hiyo waliosoma walikuwa watoto wa kileleni pekee, na sanamu ikanenepa mwaka hadi mwaka. Vidole vilishikana, mdomo ukazibika, shingo ikamezwa na mabega. Maprofesa hawakushtuka. Walirekebisha vitabu, wakaandika kwamba mtu mwenye afya hana shingo.

Kehebu, binti wa mkunga wa Bonde la Mfuni, alipanda huko kuomba nafasi, maana homa ilikuwa ikiwamaliza watu wa kwao na hakuna tabibu aliyewahi kushuka. Alipouona Mwili Mkuu alisahau hata uchovu. Alisimama ameduwaa, akaionea haya miguu yake yenye vumbi.

"Bamba lako liko wapi, binti?" aliuliza msajili.

"Sina, Mheshimiwa. Nina mikono hii."

"Mikono tunayo ya kutosha."

Akampa kitambaa cha kung'arishia sanamu. Kehebu akakipokea, angalau apate kuyasikia masomo.

Miezi ikapita. Siku moja alikuwa akisugua goti la dhahabu, Mtukufu mwenyewe akaja kukagua chuo, akaanguka sakafuni kama gunia. Maprofesa wakamzunguka. Wakaiona shingo yake, wakatazamana kwa huzuni.

"Ugonjwa ndio huu," alisema mkuu wao. "Leteni bendeji tuibane, irudi ndani."

Kehebu alijikuta amepenya katikati yao, ameweka vidole viwili shingoni mwa Mtukufu, pale mama yake alipomfundisha. Kitu kikagonga. Kikagonga tena, kidogo, kikaidi, na machozi yakamlengalenga. Siku zote zile za kuistaajabia dhahabu, hakuwa amegusa ajabu kama hii.

"Msiibane," alisema. "Uhai wake unapita hapa. Kwetu bondeni sote tunazo shingo."

"Ondoa mkono," alisema mkuu wa maprofesa. "Asiyetoa bamba hamgusi mgonjwa. Ni sheria."

Mtukufu alifumbua macho. Aliitazama sanamu yake ikimeremeta bila mdomo, kisha bendeji iliyokwisha kukunjuliwa.

"Sheria ni yako, Mtukufu," Kehebu alimwambia kwa upole. "Niutoe mkono?"

Midomo ya Mtukufu ilicheza bila sauti, na chini ya vidole vya Kehebu mapigo yakaanza kwenda mbio.