Turbo kwenye Pikapu ya Mjomba

Fundi alipokiinua kichwa cha injini alijua kabla hata hajafuta mafuta. Pistoni ya tatu ilikuwa imeyeyuka ukingoni, kama kipande cha sabuni kilichosahauliwa kwenye beseni. Akaitazama, akageuka kutazama mlango wa gereji kama mwizi, kisha akaifunika kwa tambara.

Nje, mjomba wake alikuwa amekaa juu ya tairi kuukuu, kofia mapajani, akingoja kuambiwa jambo ambalo alikwisha kujiambia mwenyewe.

Pikapu ile ilikuwa ya mjomba tangu fundi akiwa mtoto wa kubebwa. Ilikuwa dizeli ya zamani isiyo na turbo, haichoki lakini haina haraka na mtu. Kila asubuhi ilikusanya maziwa kwenye nyumba za bondeni na kuyapandisha kiwandani, juu ya mlima, kwa mwendo wa mgonjwa anayekwenda kuchomwa sindano. Mjomba mwenyewe alikuwa akisema mbuzi humpita njiani huku wakila majani. Ndiyo maana siku moja alikuja gereji na ombi lake.

"Mpwa wangu, mimi sitaki kuruka. Nataka maziwa yafike kabla hayajawa mtindi."

Fundi akampatia seti kamili: turbo ya kuisukumia injini hewa zaidi ipate nguvu, mabomba yake, na geji ndogo ya kupima joto la moshi unaotoka kwenye injini. Kuifunga hiyo geji kulitaka kutoboa chuma, kuhangaika, kupoteza nusu siku. Sasa fundi huyu madereva walikuwa wamembatiza jina la Mluzi, kwa jinsi turbo zake zinavyopiga mluzi, na jina hilo lilikuwa limemvimbisha kichwa. Akasema geji ni ya watu wasio na masikio. Akaitupa rafuni.

Siku ya majaribio madereva wakajaa getini. Pikapu ilikuwa tupu, haina hata debe moja. Fundi akaigeuza skrubu ya pampu ili dizeli iongezeke, turbo ikapiga mluzi, watu wakashangilia. Hapo palitosha. Lakini mmoja akapaza sauti, "Ongeza, Mluzi, isikike mpaka sokoni!" naye akaongeza. Alipaswa baadaye kuipakia mzigo, aipandishe mlimani, airudishe ile skrubu taratibu mpaka moshi mweusi uishe. Hakufanya hivyo. Alijua kabisa kwamba hakufanya, ila makofi yana utamu wake, na mjomba ni mtu wa nyumbani, angeweza kungoja.

Mjomba alipewa sharti moja tu: akifika, asizime injini ghafla, aiache ingurume kidogo turbo ipoe. Akalishika kama dawa ya daktari. Hata hivyo jana pikapu, ikiwa imesheheni maziwa, ilitoa moshi mweusi katikati ya mlima, injini ikagongagonga kwa ndani na kuzimika. Maziwa yote yakaharibikia kando ya barabara.

Fundi akatoka nje akijifuta mikono ambayo haikuwa na uchafu mpya.

"Umeona?" mjomba akauliza. "Ni mimi, mwanangu, usinifiche. Juzi pale kiwandani mlinzi alinipigia kelele nisogee, nikababaika, nikazima palepale. Ulinionya, nami nikasahau."

Kuzima ghafla huua turbo, na turbo alikuwa ameizungusha kwa kidole dakika chache nyuma, nzima kabisa, laini. Kilichokufa ni pistoni, na pistoni iliuawa na joto la dizeli iliyozidi. Maneno yote hayo yalikuwa mdomoni mwake. Akasema, "Mashine ni mashine, mjomba."

Aibu ikamshika palepale. Huyu ndiye mtu aliyemfundisha kushika spana, na hapa alikuwa akimwacha ajisulubu.

Mjomba akatoa ufunguo na kumwekea kiganjani. "Kaa nao. Iuze vipande vipande. Kuendesha nimeacha."

"Mjomba, subiri kwanza."

"Nisubiri nini? Leo tangu alfajiri nimepita nyumba zote za bondeni kuomba radhi. Nimewaambia ni uzembe wangu, kichwa kimechoka. Wamenipa pole. Katika ile nyumba ya kwanza, baba mwenye nyumba akasema afadhali nipumzike nisije nikaua mtu. Wote wakacheka." Akaikunjakunja kofia. "Na mimi nikacheka."

Fundi angevumilia kutukanwa. Kumwona mzee akisimulia alivyojicheka, hilo lilimshinda. Akamshika mkono, akamwingiza ndani, akalifunua tambara.

"Tazama, mjomba. Hii haikuuawa na kuzima ghafla. Imeyeyuka. Nilifungua dizeli kupita kiasi ili watu wa getini wanisifu, na geji ambayo ingekuonya iko pale rafuni. Sikuifunga. Ni mimi."

Mjomba akaiinamia injini. Akagusa ukingo wa pistoni kwa kidole.

"Kwa hiyo siyo mimi?"

"Siyo wewe."

"Hata ile juzi, nilipozima?"

"Haihusiani kabisa, mjomba. Ulikuwa unaendesha vizuri."

Mzee akavaa kofia, akaivua, akajifutia uso. Fundi akangoja matusi, akayatamani. Yalipokosekana akaanza kubwabwaja: ataleta pistoni mpya, ataifunga geji, ataipima na mzigo yeye mwenyewe, asubuhi na jioni, mpaka mjomba aridhike.

"Hayo ya vyuma utayafanya, ni kazi yako," mjomba akamkatiza. Sauti yake haikuwa ya ugomvi, lakini haikuwa na mlango wa kutokea. "Twende bondeni. Nyumba kwa nyumba."

"Sasa hivi? Ngoja basi nivue ovaroli."

"Usivue. Njoo nayo hivyohivyo, wajue wewe ndiye fundi."

Wakashuka kwa miguu, mjomba mbele. Walipokaribia nyumba ya kwanza walisikia kicheko uani, na fundi akatambua sauti ya dereva mmojawapo wa wale wa getini, kijana wa nyumba ile. Akabaki nyuma hatua chache. Mjomba hakupunguza mwendo. Akabisha hodi, akakaribishwa, akasalimia wakubwa kwa wadogo, akakataa kiti.

"Mpwa wangu ana neno," akasema, akasogea pembeni.

Fundi akafungua kinywa. Mjomba akarudi hatua moja karibu naye, akatega sikio, asipitwe na hata neno moja.